Bocas del Toro, Panama: mkoa wa visiwa, lakini ndizi ziko wapi? Naomba ufafanuzi, nalinganisha na Ukerewe

Mwl_Nansio

Mwangaluka wakuu.

Naandaa somo la kulinganisha sehemu mbili za visiwa: Ukerewe yetu na mkoa wa Bocas del Toro ulioko Panama, upande wa bahari ya Karibi. Kila maelezo ninayoyakuta yanarudia sentensi ileile, kwamba huo ni mkoa wa visiwa unaoishi kwa ndizi na utalii. Nikivipima visiwa vyenyewe kwenye ramani naona haviwezi kubeba mashamba ya kulisha soko la Marekani na Ulaya. Halafu ramani mbili nilizonazo hazikubaliani hata mpaka wa mkoa unaishia wapi.

Kwa hiyo nauliza: ndizi zinalimwa wapi hasa, na kwa nini makao makuu ya mkoa yako kisiwani ikiwa uchumi uko kwingine? Nimesoma pia kwamba kampuni kubwa ya ndizi iliuhama mkoa huo kwa sababu ya ugonjwa wa migomba, kisha ikarudi. Je, ni huu mnyauko unaoitesa Kagera? Mwenye lolote kuhusu maji, samaki na usafiri wa kule aweke pia, maana wanafunzi wa kisiwani watauliza hayo kabla ya kuuliza ndizi.

---

Ramani_24

Shikamoo Mwalimu. Nianze na hizo ramani mbili, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Angalia mwaka wa kuchapishwa. Kama moja ni ya kabla ya 1997, zote mbili ni sahihi kwa wakati wake. Mwaka huo Panama iliunda eneo la wenyeji wa asili liitwalo comarca ya Ngäbe-Buglé, na ardhi yake ikamegwa kutoka mikoa mitatu: Bocas del Toro, Chiriquí na Veraguas. Bocas ikapoteza karibu upande wake wote wa mashariki. Kipimo cha haraka ni kisiwa cha Escudo de Veraguas: kikiwa kimetiwa rangi ya Bocas, hiyo ni atlasi ya zamani. Mwaka 2020 ikaongezwa comarca nyingine, ya Wanaso, huko milimani kwenye mto Teribe, na ramani nyingi za shule bado hazijaiweka. Comarca haina mfano kwetu. Ardhi ni ya jamii kwa pamoja, haiuzwi, na ina uongozi wake wa jadi pamoja na ule wa serikali.

Utawala wa kawaida utaueleza kwa urahisi. Gavana wa mkoa anateuliwa na rais, sawa na mkuu wa mkoa wa kwetu. Chini yake kuna wilaya nne: Bocas del Toro, Changuinola, Chiriquí Grande na Almirante. Hiyo ya mwisho ilitengwa na Changuinola mwaka 2015, kwa hiyo kitabu kinachotaja wilaya tatu kimepitwa na wakati.

Sasa ukubwa. Mkoa mzima una kama kilomita za mraba 4,650, na sensa ya 2023 ilihesabu watu wapatao 159,000. Kisiwa kikubwa cha funguvisiwa, Isla Colón, kina kilomita za mraba 61 tu. Kisiwa cha Ukerewe peke yake kina kama 530, yaani karibu mara tisa ya kile. Visiwa vinavyofuata, Bastimentos, Popa, Cristóbal, Solarte, Cayo Agua na vile vidogo vidogo, havibadilishi hesabu. Sehemu kubwa ya mkoa ni bara: uwanda wa pwani wenye matope na mito, kisha milima ya Talamanca inayopanda zaidi ya mita 3,000 kwenye mpaka wa Kosta Rika. Watu wengi wako huko bara, hasa Changuinola. Kwa hiyo sentensi ya "mkoa wa visiwa" inatokana na mabango ya watalii. Mimi ningeifuta ubaoni siku ya kwanza.

Jinsi visiwa vyenyewe vilivyozaliwa ni jambo zuri la kufundisha, kwa sababu kwetu mambo yalikwenda kwa njia ya kufanana. Visiwa vya Bocas ni vilele vya vilima vya bara. Enzi ya barafu ilipokwisha bahari ilipanda na kuvikata kimoja baada ya kingine, kuanzia kama miaka 10,000 iliyopita. Wanyama wakabaki wamefungiwa. Yupo chura mdogo mwenye sumu ambaye kisiwa kimoja ni mwekundu, kinachofuata kijani, kingine buluu, ilhali ni spishi ileile. Escudo de Veraguas, kilichotengana mapema na kiko mbali, kina mnyama aishiye juu ya miti aitwaye slothi, mdogo kuliko ndugu zake wa bara, na hapatikani penginepo duniani. Ziwa Victoria nalo lilikauka mwishoni mwa enzi hiyo ya barafu na kujaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Kabla ya hapo mtu angetoka Ukerewe hadi Majita kwa miguu.

Nyongeza mbili kabla sijaondoka. Bocas iko latitudo 9 kaskazini, kusini mwa njia ya vimbunga vikali vya Karibi, ndiyo maana nyumba za mbao zimejengwa juu ya maji na zinadumu. Kupwa na kujaa kwa bahari kule hakufiki nusu mita. Ukitaka wanafunzi wajenge mfano wa nyumba ya nguzo, waambie nguzo ya Bocas inapigiwa hesabu ya mawimbi na minyoo ya baharini inayotoboa mbao, wakati ya Nansio inapigiwa hesabu ya ziwa kupanda kwa miaka kadhaa, kama lilivyofunika mialo mwaka 2020.

Tishio la kule ni tetemeko. Tarehe 22 Aprili 1991 lilipiga la ukubwa wa 7.6, kitovu kikiwa upande wa Limón, Kosta Rika. Pwani ya Limón iliinuka hadi matumbawe yakabaki nchi kavu, na baadhi ya fukwe za Bocas zikazama. La Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9. Kila namba moja ya kipimo ni nishati mara 32 hivi, kwa hiyo lile la 1991 lilitoa nishati zaidi ya mara 300 ya letu. Wape wanafunzi wakokotoe.

---

Migomba_Muleba

Hapo kwenye ndizi nijibu mimi, Mwalimu, na nitakwenda kwa urefu kidogo.

Mji wa Bocas ulianza kama kituo cha biashara mwaka 1826. Waliouanzisha walitoka visiwa vya San Andrés na Providencia, baadaye wakaja Wajamaika, wengi wao Weusi waliozungumza Kiingereza. Walivua kasa aina ya ng'amba kwa ajili ya magamba, wakauza nazi na mazao ya msituni. Miaka ya 1880 meli za Marekani zikaanza kununua ndizi. Mkulima mdogo alikuwa na kishamba kando ya kijito, anakata mikungu meli ikionekana, anaipeleka kwa mtumbwi. Kwa biashara ya namna hiyo kisiwa ndicho kilikuwa mahali sahihi: ghuba tulivu, meli inatia nanga, mitumbwi inakuja kutoka pande zote. Hapo ndipo mji ulipopata ofisi, forodha na nyumba za ghorofa za mbao. Panama ilipojitenga na Kolombia tarehe 3 Novemba 1903, mkoa uliundwa siku chache baadaye na makao makuu yakawekwa pale palipokuwa na fedha. Hayajahamishwa mpaka leo.

Vilivyouhamisha uchumi kutoka kisiwani ni vitu viwili, mfereji na reli. Ardhi nzuri ya ndizi ni uwanda wa mto Changuinola, udongo wa mafuriko, mzito na wenye rutuba. Lakini mto huo unatokea bahari iliyo wazi. Mdomoni kuna fungu la mchanga na mawimbi, tishari lililojaa mikungu haliwezi kupita salama, na ndizi iliyogongwa inafika New Orleans imeshakuwa nyeusi. Kati ya 1899 na 1903 ukachimbwa mfereji sambamba na pwani kuuunganisha mto na ghuba ya Almirante. Kampuni ya United Fruit, iliyoundwa 1899, ilizimeza kampuni ndogo za pale, ikajenga reli katikati ya mashamba na bandari ya kina kirefu Almirante. Tangu treni ilipofika gatini, hakuna aliyehitaji kupeleka mkungu kisiwani.

Ugonjwa sasa. Hapana, si huu wa Kagera. Ule ni kuvu wa udongoni, Fusarium, unaoitwa pia ugonjwa wa Panama. Huu wa kwetu, unyanjano, ni bakteria, aina ya Xanthomonas. Dalili zinafanana kwa mbali na watu wanazichanganya, wakati hatua za kuchukua ni tofauti kabisa.

Kwenye mgomba wenye Fusarium, majani ya chini na ya zamani ndiyo yanaanza kuwa manjano kuanzia ukingoni. Yanavunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina, na mara nyingi shina linapasuka karibu na ardhi. Likate kwa mapana: utaona duara au nyuzi za rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na hakuna kinachotoka. Ndizi zilizokwisha kutoka haziozi ndani.

Kwenye unyanjano jani lolote linaweza kunyauka, hata la katikati lililo changa. Ua dume linasinyaa na kukauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati bila mpangilio, chane moja njano na jirani yake kijani. Ukipasua tunda, ndani kuna kutu. Kata shina na usubiri dakika 5 hadi 15. Utatoka usaha wa njano. Huo usaha ndio unaomaliza ubishi.

Bakteria hubebwa na panga, na wadudu wanaotembelea ua dume, na machipukizi ya kupewa bure. Kwa hiyo unafanya hivi: chane ya mwisho ikishatoka, ondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Panga likigusa mgomba mmoja, lipitishe motoni mpaka usiweze kulishika upande wa bati, au lichovye kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu tano. Shina lenye dalili likate usawa wa ardhi, urudi kila wiki kukagua shina jingine. Wengi wanashindwa hapo kwenye kurudi. Wanakata siku ya kwanza kwa hasira, wiki ya tatu wameacha. Usifungie mbuzi shambani, na majani ya mgomba mgonjwa yasibebwe kufunikia mzigo. Ukifuata hayo shamba linarudi, kwa sababu bakteria huyu hadumu muda mrefu udongoni bila mgomba. Aliyeng'oa shamba zima anaweza kupanda tena baada ya miezi sita akitumia miche safi.

Fusarium haitibiki hivyo. Mbegu zake hukaa udongoni miongo kadhaa. Bocas walipanda aina moja tu, Gros Michel, ambayo ndiyo bogoya ya Waganda. Ni ndizi ndefu yenye ganda gumu, iliyosafiri bila boksi, mkungu mzima ukiwa umening'inizwa melini. Kila mgomba ulitoka kwenye chipukizi la mwingine, yaani shamba zima ni mmea mmoja uliorudiwa. Ugonjwa ukiua mmoja umeua wote. Katika nchi za Amerika ya Kati walijaribu hata kuzamisha mashamba kwa maji miezi kadhaa ili kuua kuvu. Yalipokauka wakapanda, ugonjwa ukarudi. Njia iliyobaki ikawa kuhama kwenda msitu mpya. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imeelekeza nguvu upande wa Pasifiki, Puerto Armuelles. Reli zikang'olewa sehemu sehemu na ardhi ikapandwa kakao. Kurudi kwa kishindo kulikuja kuanzia miaka ya 1950 na 1960 na aina za Cavendish, zinazohimili kuvu wa zamani.

Kwetu matoke na ndizi nyingine za nyanda za juu haziugui kuvu ile ya zamani. Zinazougua ni kisukari, kayinja na bogoya. Ukiona kijijini kisukari kimekufa na matoke pembeni yako salama, fikiria Fusarium, kisha kata shina uhakikishe. Ipo pia kuvu ya aina mpya, TR4, inayoua Cavendish. Imeonekana Msumbiji mwaka 2013 na Kolombia mwaka 2019. Inasafiri na tope kwenye buti na matairi. Ndiyo sababu miche ya kutoka nje ipite karantini, na ya dukani iwe ya maabara.

---

Mwl_Nansio

Marahaba Ramani, na asante sana Muleba. Hili la mdomo wa mto sijaliona popote, na linajibu swali la makao makuu moja kwa moja. Ndizi zenyewe leo zinaandaliwaje mpaka zifike melini? Na bado ni kampuni ileile?

---

Migomba_Muleba

Ni ileile kwa ukoo. United Fruit ndiyo ikaja kuwa Chiquita. Upo pia ushirika wa COOBANA wenye mashamba yake na cheti cha biashara ya haki.

Kazi inaanza siku ua linapoinama. Mkungu unafunikwa mfuko wa nailoni na kufungwa utepe. Kila wiki ina rangi yake ya utepe, na wiki kama 11 hadi 13 baadaye unakatwa kwa kufuata rangi, ndizi zikiwa bado kijani na kona zikionekana. Hakuna anayebeba mkungu begani kwenda mbali. Unaning'inizwa kwenye kebo iliyotandazwa shambani na kuvutwa msururu hadi banda la kufungashia. Pale chane zinakatwa, zinatumbukizwa kwenye matangi ya maji utomvu uishe, zinapangwa kwenye maboksi ya kilo 18.14. Boksi hilo ndilo kipimo cha soko zima la dunia, ukisikia bei ya ndizi jua ni ya boksi. Kisha ubaridi wa nyuzi 13.3 hadi 14. Ukishuka chini ya 13 ganda linageuka kijivu na ndizi haiivi vizuri tena. Ukizidi, zinaivia baharini na kuambukizana.

Gharama kubwa nyuma ya pazia ni mbili. Ya kwanza ni mifereji: mvua ni zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka na mgomba ukisimama kwenye maji siku chache mizizi inaoza. Ya pili ni sigatoka nyeusi, ugonjwa wa majani uliothibitishwa Amerika ya Kati huko Hondurasi mwaka 1972. Mashamba makubwa ya ukanda ule hunyunyiziwa dawa kwa ndege, inafika mara 40 na zaidi kwa mwaka. Mkulima wa Bukoba mwenye ekari mbili hawezi hesabu hiyo, anachoweza ni kukata majani yenye madoa na kuyalaza kifudifudi chini.

Na kitu wanafunzi wasichokosa: Aprili 28, 2025 wafanyakazi wa ndizi waligoma wakipinga sheria mpya ya hifadhi ya jamii. Mwezi Mei Chiquita ikawafukuza kama 5,000, mashamba yakasimama. Mwishoni mwa Agosti serikali na kampuni wakakubaliana kurudisha uzalishaji. Hebu piga picha wilaya ambayo mwajiri mmoja anaweza kuandika barua ya kufukuza watu wengi hivyo, na duka la mchele, bodaboda, ada za shule, vyote vinangoja.

---

Vizimba_Igombe

Mwalimu, kwa kuwa wanafunzi wako wanajua maji, wape ghuba ya Almirante.

Ghuba hiyo imezungukwa na visiwa, kwa hiyo maji yake hayabadilishwi haraka na bahari. Mvua kubwa na mito huleta maji baridi yasiyo na chumvi, mepesi, yanayolala juu ya yale mazito ya chumvi. Yakilala hivyo bila upepo, hewa haishuki. Ongeza mbolea na uchafu unaoshuka kutoka mashambani na mijini: vijidudu vya chini vinaozesha vitu hivyo na kumaliza oksijeni. Septemba 2010 matumbawe na viumbe wengi walikufa chini ya kina cha kama mita 10, na juu ya mstari huo wakawa salama. Watafiti wa kituo cha Smithsonian, taasisi ya utafiti ya Marekani, kilichopo Isla Colón walilichunguza tukio hilo kwa undani. Mstari ulikuwa wazi kiasi kwamba mpiga mbizi angeuona kwa macho.

Ziwa letu linafanya jambo hilo hilo, ila tabaka zetu zinatengwa na joto, chumvi haimo. Maji ya juu yanapata joto na kukaa juu, ya chini yanaishiwa oksijeni, kisha pepo za kusi za Juni hadi Agosti zinayachanganya. Hatari kwa mwenye vizimba ni pale maji ya chini yanapopandishwa ghafla kwenye ghuba yenye kina kifupi. Asubuhi unakuta sato wanahema juu, saa nne wameelea. Pima oksijeni alfajiri kabla ya jua, ndio muda wa kiwango cha chini kabisa. Pima juu, katikati ya wavu na chini ya wavu. Ikiwa chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wanapunguza kula, kwenye 3 acha kulisha kabisa, maana chakula chenyewe kinakula oksijeni. Kipimo cha mchana kitakudanganya, mwani unakuwa umeshatengeneza hewa. Na kizimba kisiwekwe ndani ya kona tulivu kwa sababu tu ni rahisi kukilinda. Kona tulivu ndiyo Almirante yako.

Uvuvi wa kule ni mdogo mdogo: kamba koche, kaa, kome wakubwa, samaki wa mwambani. Kamba koche hufungwa kuvuliwa kuanzia Machi 1 hadi Juni 30, na mikahawa nayo haipaswi kuwauza kipindi hicho. Waulize wanafunzi kwa nini kufungia mkahawa kunauma kuliko kufungia mvuvi. Watajibu haraka, wanalijua soko la samaki la Kirumba.

---

Kamanga_Kwetu

Sasa kama kisiwa kidogo cha kilomita 61 kinajaza watalii, Ukerewe mara tisa tunakwama wapi? Tujenge mahoteli juu ya maji tu.

---

Pantoni_Rugezi

Kaka Kamanga, polepole. Hesabu safari kwanza. Mtalii anatua Panama City, anapanda ndege ndogo, baada ya saa moja hivi yuko Isla Colón. Wa barabara anafika Almirante, anapanda boti ya mwendo kasi, dakika 30 yuko mjini, na magari yanavuka kwa feri kutoka hapo hapo Almirante. Fedha ni dola ya Marekani, inatumika Panama tangu 1904 sambamba na balboa, fedha ya nchi yenyewe, kwa hiyo Mmarekani hata habadilishi pesa. Wastaafu wao wengi wamenunua nyumba pale. Hapa mgeni wa Nansio anatoka Mwanza kwa meli kwa muda wa saa tatu na zaidi, au anazunguka Bunda hadi Kisorya kungoja pantoni ya Rugezi. Huyo mgeni yupo, ila si yule yule, na hoteli yake si ile ile.

Halafu uliza nini kimeharibika kule. Utalii ulipanda kuanzia miaka ya 1990 na mikoko ikakatwa kupisha nyumba za nguzo. Maji taka mengi yakaingia baharini, ileile ghuba aliyoieleza Vizimba. Maji ya kunywa ya mji yanategemea bwawa dogo kisiwani, na mvua ikikosekana wiki chache, yaani Februari na Machi au Septemba na Oktoba, mabomba yanakauka huku mahoteli yamejaa. Mkoa wa milimita 3,000 unakosa maji! Kisiwa hakina mto mkubwa, mvua inakimbilia baharini siku hiyo hiyo.

Kwa nyumba ya wageni ya kisiwani, kwao au kwetu, anza na paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, mvua ya milimita 1,000 kama ya Mwanza, toa asilimia 20 ya kumwagika: lita 48,000 kwa mwaka. Mgeni anayeoga mara mbili na kubadilishiwa shuka anamaliza lita 100 kwa siku bila kujisikia. Kwa hiyo paa hilo linabeba mgeni mmoja na robo hivi mwaka mzima. Na tangi lazima livuke kiangazi: siku 90 kwa lita 100 ni lita 9,000 kwa kitanda kimoja. Choo nacho kiwe cha tangi lililojengewa chini, liwe mbali na ziwa na juu ya mstari maji yalipofika 2020. Mfereji wa kumwaga mwaloni usiutaje kabisa.

Ningeiga kitu kimoja kutoka Bocas na hakiko ufukweni. Ni ushirika wa kakao wa COCABO, ulioanzishwa 1952. Wakulima wadogo, wengi wao Wangäbe, wanapanda kakao chini ya kivuli cha miti mingine, bila dawa za viwandani, wanauza pamoja kwa cheti cha kilimo hai. Ukerewe kwa machungwa na mananasi tunauza kila mtu kivyake gatini, na mwenye fuso ndiye anapanga bei.

---

Kamanga_Kwetu

Hapo kwa mwenye fuso umenigusa. Nimeelewa.

---

Ramani_24

Mwalimu, la mwisho, kwa ajili ya ubao. Chora visiwa vyote viwili kwa skeli moja, 1:250,000. Sentimita moja ni kilomita 2.5, na kisanduku kimoja cha sentimita ya mraba ni kilomita za mraba 6.25. Kwenye karatasi ya miraba Isla Colón itajaza visanduku karibu 10, Ukerewe 85. Mkoa mzima wa Bocas utahitaji kama 744, kwa hiyo gundisha manila mbili kabla hujaanza, usije ukaukata mkoa Chiriquí Grande. Uwanda wa Changuinola utie rangi ya kijani nzito, bandari ya Almirante duara jeusi, na mfereji wa 1899 hadi 1903 mstari wa buluu ulionyooka. Saa za Panama ziko nyuma yetu kwa saa nane, mtaani Nansio ikiwa saa nane mchana huko Changuinola ni saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya kwanza ya banda la maboksi. Comarca zichorwe kwa mistari ya kukatika, na uandike mwaka pembeni mwa kila mpaka.